Joka Chini ya Kikombe

Siku ya tisa nikimsubiri mume wangu aniulize kwa nini nataka kumwacha, simu yake ikawaka juu ya meza ya chakula. Mwenyewe alikuwa bafuni, anaoga huku anapiga mluzi. Sina tabia ya kupekua simu ya mtu, lakini ujumbe ulikuwa mfupi na macho yangu yalikuwa pale pale.

"Mwalimu, hongera. Joka lako limechaguliwa na watu kumi na mmoja kati ya kumi na wanne. Jumamosi saa tisa utatusomea na kutueleza. Katibu."

Chini yake Katibu alikuwa amelinakili:

Joka lachoka
kulinda pango tupu.
Kesho haliko.

Nikavuta kiti nikakaa. Maneno yale yalikuwa yangu. Niliyaandika kwa mkono wangu, nikayaweka chini ya kikombe chake cha chai kabla ya kwenda kazini, na hayakuwa ya mashindano. Nilikuwa namuaga mume wangu.

Ngoja nieleze kidogo, msije mkadhani nimerukwa na akili. Mume wangu anafundisha lugha sekondari. Mimi napiga pasi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali na nguo za wateja wa mtaani. Miaka ishirini iliyopita alileta shati lake kwetu, mfukoni akaacha kikaratasi chenye shairi la mistari mitatu kwa mtindo wa Wajapani: silabi tano, saba, tano. Haiku. Nikamjibu kwenye kile kikaratasi cha alama tunachobana kwenye nguo za wateja ili zisipotee. Basi tukachumbiana hivyo, kikaratasi kwa kikaratasi, hadi tukaoana, na ikawa ndiyo desturi ya nyumba yetu. Jambo zito halisemwi, linaandikwa na kuwekwa chini ya kikombe.

Miaka ikaenda. Binti yetu akaenda chuo cha mbali, nyumba ikabaki na watu wawili na redio. Mwalimu akaacha kuandika, ingawa hakuacha kwenda kwenye chama chake cha haiku pale maktaba. Mimi niliendelea, kwa sababu nilikuwa sijui njia nyingine ya kumwambia kitu. Alikuwa anachukua kikaratasi, anahesabu kwa vidole, anasema, "Silabi zimetimia," kisha anakitia mfukoni. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Mluzi ukakoma, akatoka bafuni na taulo begani.

"Nani kapiga?"

"Ujumbe. Wa Katibu."

Aliichukua ile simu kwa haraka ya mtu anayechomoa mkate kwenye moto. Akasoma, akatabasamu.

"Wamelipenda joka langu."

"Joka lako."

"Ee. Mada ya mwezi huu ilikuwa joka, si nilikwambia?"

Aliniambia, kweli. Mwanzoni mwa mwezi alikaa meza ile ile na kalamu mkononi, analalamika kwamba joka halimjii. Mashine yetu ya pasi kule kazini ni ndefu, inapumua mvuke kwa nguvu, na sisi wenyewe tunaiita Joka. Nikamwandikia ili nimchekeshe:

Joka latweta,
nalilisha mashuka,
halijashiba.

Alicheka, lakini si vile nilivyotaka. "Joka la kufulia nguo? Mke wangu, joka linataka mawingu. Kwa Wajapani joka halitemi moto, ni la maji na mvua."

"Na mvuke ni nini kama si maji?" nilimuuliza.

Akarudia kutafuna kalamu.

Sasa amesimama mbele yangu anatabasamia simu, nikamjaribu.

"Hilo joka lililoshinda linasemaje?"

"Aa, mambo ya kishairi tu. Utachoka."

"Nimeshachoka. Nisomee."

"Jumamosi nikirudi nitakueleza vizuri. Chai ipo?"

Chai ilikuwepo. Nikammiminia, nikamkorogea na sukari. Ningekuwa na nguvu ningemmwagia.

Kesho yake, saa ya mapumziko, nikampigia dada.

"Dada, hajasoma."

"Hajasoma nini?"

"Kile kikaratasi cha kumuaga. Amekipeleka kwenye chama chao kama shairi lake. Kimeshinda."

Nikamsikia dada anacheka, kile kicheko chake cha kuzuia na kiganja.

"Samahani, mdogo wangu. Sikucheki wewe. Namcheka shemeji."

"Cheka tu. Mimi sina nguvu."

"Lakini na wewe. Umeandika kesho hupo. Hiyo kesho imepita mara ngapi?"

"Mara tisa."

"Unasubiri nini?"

"Nasubiri aniulize."

"Akuulize nini?"

"Chochote. Hata aniulize kama naumwa."

Dada hakucheka tena. "Chumba kiko tayari," akasema. "Shuka nimetandika. Njoo utakapotaka, hata ukija mkono mtupu."

Ijumaa hiyo hiyo alasiri nikaitwa meza ya mapokezi, eti nina simu. Alikuwa Katibu mwenyewe, mzee mmoja mstaarabu aliyestaafu kazi ya maktaba. Namba ya kazini kwangu aliipata kwenye risiti ya makoti yake.

"Shemeji, nakualika rasmi. Mwalimu ni mpole, najua hakukwambia. Kesho tunamsikiliza."

"Ameniambia kidogo, shemeji."

"Mwaka huu ametushinda wote. Lile la mvua na kamba ya nguo lilimliza mama mmoja hapa. Na lile la kitanda kilichobaki na shimo upande mmoja. Tunajiuliza ameyatoa wapi."

La kamba ya nguo niliandika siku mama yangu alipozikwa. La kitanda niliandika usiku ambao Mwalimu alianza kulala sebuleni kwa kisingizio cha kusahihisha madaftari. Nilishika mkonga wa simu kwa mikono miwili.

"Shemeji, upo?"

"Nipo."

"Utakuja?"

"Nitakuja," nikasema. "Na mimi nataka kujua ameyatoa wapi."

Jumamosi asubuhi Mwalimu alipotoka kununua gazeti, nikapeleka begi langu kwa dada, kisha nikaenda kazini kama kawaida. Saa tisa kasoro nilikuwa kwenye mlango wa chumba cha kusomea pale maktaba, bado na aproni, nywele zimenyweshwa mvuke. Mwalimu alikuwa mbele na shati la mikono mirefu. Shati lile nililipiga pasi mimi. Hakuniona. Nikakaa kiti cha nyuma karibu na mlango.

Chama chao kina utaratibu ambao nilikuwa nausikia tu. Kila mtu anampelekea Katibu shairi lake, Katibu anayanakili yote kwa mwandiko wake mmoja bila majina, watu wanachagua wanalolipenda bila kujua ni la nani, ndipo mwenyewe anajitokeza. Mwizi akitaka kujificha hawezi kupata pazuri kuliko hapo.

Walianza na yale yaliyoshindwa. Fundi saa, mwanamume mfupi mwenye miwani minene, akasoma lake:

Ndani ya saa
joka dogo lalala,
mkia macho.

Wakampigia makofi. Akafuata daktari wa meno, mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza:

Joka lalia:
moto wote wa nini,
jino lauma.

Hata mimi nilicheka, na nilikuwa nimeapa kutocheka.

"Joka halienei kwenye mistari mitatu," Katibu akasema akiwa anafuta miwani. "Ndiyo raha ya mada hii. Unaonyesha mkia tu, aliyesoma amalizie mwili. Sasa Mwalimu, tuonyeshe wako."

Mwalimu akasimama. Akasoma kwa ile sauti yake ya darasani, anapumzika kila mwisho wa mstari. Watu wakanong'ona ule mnong'ono wa kuridhika.

"Tueleze," Katibu akasema. "Joka hili ni nini?"

"Joka hapa," Mwalimu akaanza, "ni ushairi wenyewe. Ushairi unalinda pango la lugha. Pango limekuwa tupu kwa sababu vijana hawasomi."

Fundi saa akakuna shingo. "Mimi sikuliona hivyo, Mwalimu. Samahani."

"Uliliona vipi?"

"Niliona ni mtu."

"Na mimi niliona mtu," daktari wa meno akadakia. "Mwanamke, tena. Niliona anaondoka nyumbani kwake na hakuna aliyemuuliza. Nilipomaliza kulisoma nilimpigia mume wangu simu kazini, nikamuuliza kama yuko sawa. Akadhani nimegongwa na gari."

Wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alishusha macho kwenye karatasi, na nikaona midomo yake inatembea polepole, bila vidole. Nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisoma.

Katibu hakuwa ameona kitu. Akaendelea kwa upole wake. "Wajapani wana msemo wao wa misimu. Wanasema majira ya kuchipua joka hupanda mbinguni, na majani yakianza kupukutika huzama kwenye kina cha maji. Kwa hiyo joka lina mahali linapokwenda. Hili la kwako linakwenda wapi?"

Mwalimu akageuza karatasi, kana kwamba jibu liko nyuma yake.

"Linakwenda kwa dada yake," nikasema.

Viti vikalia sakafuni, watu wote wakageuka. Mwalimu aliponiona uso wake ulilegea, akashika meza. Sikuona raha yoyote, na nilidhani nitaiona.

"Shemeji," Katibu akasema. "Karibu. Sijakuelewa."

"Atakuelewesha Mwalimu."

Nilimuona anatafuta njia ya kutokea, namjua, anapotafuta uongo hushika kola. Alishika kola. Kisha akaiachia.

"Hili si langu," akasema. "Ni la mke wangu. Na lile la kamba ya nguo. Na la kitanda. Yote ya mwaka huu ni yake."

Fundi saa alitazama viatu vyake.

"Mwalimu," Katibu akasema baadaye, "sisi hapa hatugombei kikombe. Ungesema huna kitu mwezi huu, tungekupa chai ukae usikilize."

"Ningesemaje, Katibu? Nusu yenu hapa nimewafundisha mimi kuandika."

"Ungesema hivyo hivyo."

Daktari wa meno alikuwa ananitazama mimi. "Dada, ni kweli unaondoka?"

"Nimeshapeleka begi."

Katibu akachukua daftari lake la chama, akafungua ukurasa wa mwaka, akatoa kalamu. "Niandike jina gani hapa, shemeji?"

Nikampa jina langu kamili, la kwetu, lile ambalo kazini halijulikani na nyumbani halitumiki. Akafuta la Mwalimu mara tatu, akaandika langu mara tatu. Mwalimu alisimama pale pale hadi kalamu ikatulia. Nikaaga, nikatoka.

Mwalimu alinikuta kwenye ngazi za nje. Hakunishika mkono. Alikaa ngazi moja chini yangu.

"Uliliweka lini?"

"Jumatano. Siyo ya juzi, ya wiki ile nyingine. Chini ya kikombe."

"Nilikiona."

"Najua ulikiona. Ulikipeleka mashindanoni."

"Nilihesabu silabi," akasema. "Zilikuwa kumi na saba. Nikaona ni zuri. Nikaona wivu. Sikuona kitu kingine, na Mungu ni shahidi wangu."

"Hukuona kuna mtu anasema kesho hayupo?"

"Sikuona."

"Na siku tisa nakupikia, nakunyooshea mashati, sisemi kitu, hukuona?"

"Nilidhani umechoka na kazi."

"Nilikuwa nimechoka na kazi," nikasema. "Na ukadhani hilo si la kuulizwa."

Akafunika uso. Sikumbembeleza. Miaka yote mimi ndiye wa kubembeleza, siku hiyo niliona acha nipumzike.

"Ungeniambia kwa mdomo," akasema.

"Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika."

"Usiende."

"Naenda."

"Kwa muda gani?"

"Sijui. Sijawahi kwenda."

Nikaondoka kwa miguu. Nyumba ya dada haiko mbali, lakini nilitembea kama mgonjwa aliyeruhusiwa mapema. Dada alinifungulia mlango, akanitazama mara moja tu.

"Kula kwanza au ulale kwanza?"

"Nilale."

Nililala kuanzia jioni ile hadi Jumapili mchana. Dada anasema alikuwa anakuja kunisikiliza kama napumua.

Wiki ya kwanza Mwalimu alinitumia ujumbe kila asubuhi, mistari mitatu mitatu. Alikuwa amepata kuandika upya, ndiyo ajabu. Joka hili, joka lile, joka linalia juu ya paa, joka limekosa bawa. Mazuri mengine, siwezi kumnyima haki yake. Dada alikuwa anayasoma kwa sauti akisonya.

"Hili la bawa limenigusa kidogo," akasema siku moja.

"Dada."

"Kidogo tu."

Siku ya nane nikamjibu: "Acha mistari. Ukiwa na la kusema au la kuuliza, fanya kwa mdomo. Mimi na vikaratasi basi."

Akanyamaza. Siku kumi nzima, kimya. Nikajiambia ndiyo imekwisha, na nikashangaa kujikuta nalia mbele ya mashine, machozi na mvuke havijulikani kipi ni kipi. Mwenzangu tunayekunja naye mashuka hakugundua. Nilimpenda mume wangu. Hilo ndilo lililokuwa limenichosha kuliko mashuka yote.

Siku ya kumi na tisa, saa ya mapumziko, nilikuwa nimekaa chumba cha kukunjia, peke yangu, nimeegemea rundo la foronya. Mlango ukasukumwa. Mwalimu. Mikono mitupu, hana hata mfuko. Amekonda, na shati lina mikunjo kila mahali.

"Nimeomba ruhusa kwa msimamizi wako," akasema. "Amenipa nusu saa."

"Unataka nini?"

"Nataka kukuuliza. Siku zako zinakuwaje?"

Nilimtazama kama kuna mtego. Hakuonyesha mtego.

"Siku zangu?"

"Ukitoka nyumbani asubuhi. Inakuwaje? Miaka kumi na tisa sijui."

Nilitaka kumwambia amechelewa. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Nafika, navaa aproni. Mashuka yanatoka kwenye kikaushio yana joto la kuunguza, tunayavuta wawili wawili."

"Halafu?"

"Halafu tunayalisha kwenye mashine. Ukizubaa inakushika vidole. Mkono huu uliungua hadi kiwiko mwaka jana."

"Mwaka jana? Sikuona."

"Nilivaa mikono mirefu nione kama utauliza."

Akautazama ule mkono. "Halafu?"

Nikaendelea. Nikamwambia kifundo cha mkono kinavyokufa ganzi ikifika saa nne. Nikamwambia mashuka ya wodi ya wazazi yanavyonikumbusha binti yetu alivyozaliwa. Nikamwambia mama alipokufa nilirudi kazini siku ya tatu, na yeye alinisifu kwa ushairi niliouandika akasahau kunipa pole. Nikamwambia la kitanda. Nilisema maneno mengi siku ile kuliko mwaka mzima, mengine mabaya, na hakujitetea hata mara moja. Kila nilipokwama alisema neno lile lile.

"Halafu?"

"Halafu nikaandika kile kikaratasi."

"Halafu?"

"Halafu hukusoma."

Akakubali kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Halafu?"

"Halafu nikaenda kwa dada, nikalala."

"Halafu?"

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika, sikuwa na zaidi. Kengele ya kurudi kazini ilikuwa bado dakika chache.

"Halafu nisogezee kile kiti," nikasema. "Miguu inaniuma."

Akasogeza kiti. Nikapandisha miguu. Akapiga magoti kwenye sakafu ile yenye maji, na shati lake la mikunjo, akanivua viatu na kunikanda nyayo taratibu, huku ananiuliza ni wapi panauma zaidi. Nikamwonyesha.

Nilirudi nyumbani Jumapili iliyofuata.